Akija Huyo Mwingine

Nyie, tangu nifunge chuo nirudi hapa Mpanda sijalala vizuri. Babu Manyanda alianza kusahau, akamuita wakili nyumbani mapema, akili ikiwa bado yake. Akaweka dole gumba kwenye hati: akishindwa kujiamulia, mama yangu Christina ndiye ataamua kuhusu matunzo yake na ng'ombe wake.

Wakili alipoondoka, babu akamshika mama mkono. "Kuna mtu ananijia. Ana sura yangu. Akiitaka hii hati aichane, usimpe."

Mama akacheka. "Baba, utanivunja mbavu."

Juzi mchana mimi na mama tulikuwa tunachambua maharage, babu akatoka ndani kachomekea shati, kitu ambacho hajawahi kufanya. Akasalimia kwa upole kama mgeni.

"Shikamoo mama. Yule mzee wa hapa ameshaondoka?"

Mama akanigeukia.

"Kuna karatasi ameacha. Niletee niichane, hawa ng'ombe niwauze."

Mama hajawahi kumkatalia baba yake tangu utotoni. Akasimama ghafla, maharage yakamwagika.

"Hapana," akasema. "Mwenyewe alinikataza."

Yule mtu akatabasamu, akakaa kwenye kiti cha babu, eti anamsubiri yule mzee arudi.