Mkono Ndani ya Ndoo ya Plasta

Uvumi ulinikuta nikimpimia mteja mkaa. Akasema bila hata kuniangalia, "Mama Bibi, binti yako anaokota nywele za watu kwa msusi. Anazitia kwenye mfuko, anaondoka nazo." Nikamwambia aende zake na uongo wake. Lakini neno lile lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki. Nilipika nalo, nikalala nalo. Nywele za watu! Za nini?

Nawaandikia nyinyi wenye watoto wanaosomea sanaa. Shule yangu mimi iliishia ya msingi, ila macho ninayo.

Binti yangu tulimwita Bibi tangu alipozaliwa, maana alitoka na sura ya mama mkwe wangu, mpaka vidole. Alipoingia chuo akaanza kung'aka. "Msiniite hivyo! Pua ya shangazi, vidole vya bibi, sauti ya mama. Mimi mwenyewe nimebaki wapi?"

"Umebaki kwenye vyombo, kavioshe," nikamjibu. Hakucheka. Akahamia chumba cha uani, akakijaza gundi, matambara, nyaya, na mfuko wa plasta, ule unga mweupe wanaofungia watu waliovunjika mifupa. Mlangoni akabandika karatasi: USIINGIE. Nyumba yangu hiyo!

Siku moja msusi akaja mwenyewe, na mteja wake kichwa kimesukwa nusu.

"Mtoe huyo mchawi wako aturudishie nywele zetu."

"Mchawi ni wewe unayeng'oa watu nywele za mbele halafu unaita mtindo!"

Tukaenda uani tunatupiana maneno. Nikagonga. "Bibi! Fungua!"

"Hakuna mtu wa jina hilo humu."

Nikausukuma mlango, kigoda alichouzibia kikaanguka. Alikuwa amechuchumaa, mkono wa kulia umezama hadi kifundoni kwenye ndoo ndogo ya rangi. Plasta ilikuwa imeganda, nywele zimechomoza juu yake kama ndevu za beberu.

"Mmeona?" msusi akapiga kelele. "Mmeona sasa?"

"Nimezichanganya ili ziikaze isipasuke," akasema Bibi, meno ameyauma. "Kama nyasi kwenye udongo wa ukuta. Natoa umbo la mkono wangu. Wangu, si wa bibi wa mtu. Tokeni."

"Utoe sasa hivi," nikasema.

"Sitoi mbele yenu."

Basi tukagombana. Msusi anadai nywele, yule wa kichwa nusu anaapiza, mimi nawajibu wote. Jasho lilimtiririka binti yangu usoni nikadhani ni hasira. Nikaishika ndoo niivute, nikaiachia papo hapo. Ilikuwa ya moto kama sufuria iliyotoka jikoni.

"Ni kawaida," akasema. "Mwalimu alisema plasta ikiganda inapata joto. Nimetia maji ya uvuguvugu ili iwahi."

"Vuta mkono."

Akavuta. Ndoo nzima ikanyanyuka naye. "Hautoki. Mama, naungua."

Nilichukua nyundo. Ndoo ikapasuka, plasta ikafanya nyufa, lakini vipande havikuachana. Zile nywele zilivishikilia. Nikapiga tena, mtoto akalia. Msusi akachomoa mkasi kwenye aproni, akapiga magoti, akaanza kukata nywele ndani ya nyufa huku anatukana. "Mjinga wewe! Hayawani! Tulia nisikukate!" Kipande kwa kipande mkono ukatoka, mwekundu, ngozi ya vidole imebaki kwenye plasta. Tukaukimbiza bombani.

Hospitali wamefanya walichoweza. Kidole gumba na cha shahada havikunjiki. Vidole hivyo ndivyo alivyokuwa akishikia kalamu.

Nikaenda chuoni. Mwalimu akaniambia, "Mama, huyo ni mtu mzima. Niliwaambia ina joto."

"Uliwaambia ina joto. Uliwaambia inaunguza?"

Akaanza kupanga makaratasi yake mezani.

"Basi huyo mtu mzima, uwe unakuja asubuhi kumfunga vifungo vya blauzi."

Akakohoa. Halafu, hana haya, akauliza kama vile vipande vilivyovunjika vinaweza kuwekwa kwenye maonyesho. Nikamjibu maneno ambayo siyaandiki hapa. Nimerudi nyumbani nakuta Bibi ameshavipeleka mwenyewe. Hatusemezani. Anachora kwa mkono wa kushoto, mistari inayumba kama mlevi, na anamwambia msusi, ambaye siku hizi huja kumwangalia, kwa sauti, makusudi nisikie, kwamba mistari hiyo haifanani na ya mtu yeyote ukoo mzima.

Msingoje yawafike wana wenu. Epukeni haya:

Kuzamisha mkono, mguu au uso kwenye chombo cha plasta.

Kuikorogea maji ya uvuguvugu ili iwahi kuganda.

Kuchanganya nywele au nyuzi kwenye plasta iliyozunguka mwili.

Kufanya kazi hiyo peke yako, mlango umezibwa.

Kungoja joto lipite kwa sababu mwalimu alisema ni kawaida.

Kupaka jeraha dawa ya meno. Ni maji ya bomba, kisha hospitali.

Kugombania uchawi mlangoni kabla hujaangalia mtoto ameshika nini, au nini kimemshika.