Povu Kwenye Mboga

Mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kuja Dutwa kununua pamba, maduka yalijaa vitu ambavyo tulikuwa tumevisahau. Mafuta ya kula yalikuja kwenye chupa za plastiki zenye mfuniko wa kuzungusha, na mimi sikuwa na moyo wa kuzitupa. Nilizisugua ndani kwa mchanga na maji ya moto, nikazianika.

Wakati huo nilikuwa natengeneza sabuni ya vyombo mwenyewe. Nilikusanya vipande vilivyobaki vya sabuni ya mche, nikavikwangua, nikavichemsha na maji ya majivu yaliyochujwa mpaka vikayeyuka. Ikipoa inakuwa nzito, ya manjano. Nikaona samli ni chakula, inastahili chupa mpya. Sabuni ikae kwenye chupa ya zamani ya kioo iliyokuwa ya samli. Nikabadilisha, rafu ikapendeza.

Aliyekuwa anapika ni mama mkwe wangu, Milembe. Mwezi uliotangulia aliungua mkono kwenye sufuria, na mume wangu Joakim akasema likitokea jingine atampeleka Lamadi kwa dada yake Ng'washi, akapumzike. Kwa Ng'washi kulikuwa na kitanda kizuri, lakini jiko halikuwa la mama.

Siku niliyobadilisha chupa nilirudi kutoka kisimani nikakuta ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, vimeshaandaliwa. Mama alikuwa na mafua, anavuta pua. Joakim alimega tonge, akachovya, akatafuna, kisha akaacha kutafuna. Mboga ilikuwa na povu pembeni mwa bakuli.

"Leo hata minyoo itaoga," alisema. "Nani amepika?"

Nilimtazama mama. Mkono wake ulikuwa unapapasa mkeka, unatafuta kikombe kilichokuwa mbele yake wazi kabisa. Ndipo nikaelewa. Chupa ya samli alikuwa haitazami. Aliijua kwa kuishika shingo.

"Nimepika mimi," nikasema. "Nilichanganya chupa."

Joakim alisukutua, akaenda kuomba maziwa kwa jirani yetu Thomasi. Mimi na mama tukatoa vyombo.

Asubuhi aliniita jikoni, akauliza taratibu nani amehamisha samli. Nikamweleza yote, pamoja na furaha yangu ya rafu.

"Chupa ile nimeishika tangu Joakim hajaota meno," alisema. "Ungenishikisha hiyo mpya, mwanangu."

Nilimwomba radhi. Alinipapasa bega, akasema nami sikuambiwa chochote, ningejuaje. Tukasikia Joakim anatoa baiskeli aende mnadani. Mama akamwita.

"Niliyepika jana ni mimi," alimwambia. "Mkeo alinifichia. Macho yangu yanaona vivuli tu, tangu masika. Nilinyamaza kwa sababu ya Lamadi."

Joakim alisimama mlangoni. Mimi nilikuwa nimeshika mwiko, sijui wa nini, maana hakukuwa na kitu jikoni. Nilisubiri aseme tukafungashe nguo za mama.

Aliegemeza baiskeli ukutani, akainama, akaingia. Sikuwa nimewahi kumwona akiingia jikoni isipokuwa kuomba moto. Akachuchumaa karibu na mama yake.

"Sabuni ni ipi?"

Nikamwonyesha. Akaitoa nje, akaiweka kwenye karai la kuoshea vyombo, akarudi.

"Na chumvi unaiweka wapi, mayu?" akamwuliza mama yake.

Mama alimshika mkono, akaupeleka kwenye kopo la chumvi, kisha kwenye unga, kisha kwenye samli ndani ya ile chupa ya plastiki. Hapo mama mwenyewe alikawia, akiisoma kwa vidole, anazungusha mfuniko, anaufunga, anaufungua tena.

"Nyepesi," alisema. "Nitaizoea. Wewe usije ukahamisha kitu humu bila kuniambia."

"Sitahamisha, mayu," Joakim akasema.

"Basi nenda mnadani, utakuta watu wameondoka. Uniletee dagaa, nipike."

Joakim akauliza dagaa wa kiasi gani.