Nikimaliza Pipa Hili

"Gauni lake litachafuka," Bonaventura alisema, huku akisukuma kuni chini ya pipa.

"Ndiyo uangalie lisichafuke," Yusta, mkewe, akamjibu. "Saa sita mpande bodaboda, mje. Msalaba hausimami bila mtoto wa kwanza."

Akamwacha Wema, binti yao, pale bondeni, na gauni jeupe na viatu vya kanisani, akapanda kwenda barabarani Mwandiga ambako ndugu walikuwa wanamngoja waondoke kwenda Simbo. Yusta hakuwa mjinga. Miaka kumi ya ndoa ilikuwa imemwonyesha kwamba mumewe akibaki bondeni, na ahadi zake zinabaki humo humo. Safari hii akaona amwachie mtoto wa miaka saba, amkumbushe.

Siku hiyo ulikuwa unatimia mwaka mmoja tangu Mzee Yona, baba yake Bonaventura, afariki. Kule Simbo alikozikwa, mafundi walikuwa wameshalijengea kaburi kwa saruji. Kilichobaki ni msalaba. Katika ukoo wao msalaba husimamishwa na mtoto wa kwanza wa marehemu, anaushika kwa mikono yake mwenyewe mpaka saruji ikamate. Katekista alikuwa amewaambia saa saba. Bonaventura aliyajua yote hayo. Ila mteja mmoja wa Gungu alikuwa na harusi kesho yake, chikichi zilikuwa zimeshaingia kwenye pipa, na chikichi hazina adabu ya kungoja. Lazima zikamuliwe zingali za moto. Zikipoa, umechemsha bure.

"Nikimaliza pipa hili." Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila aliyemwita, iwe kula, iwe kikao cha shule, iwe ubatizo wa mtoto wa mdogo wake. Majirani walimtania, wakamwita Bwana Nikimaliza, naye alicheka pamoja nao. Mashine ya kukamulia ilikuwa yake, bonde lake, jina lake lilikuwa linatajwa hadi Ujiji kwa mawese yasiyochacha. Nani mwingine angeiangalia?

Na siku baba yake alipozidiwa, nyumbani pale juu, mwendo wa dakika tano tu, jibu lilikuwa lile lile. Wema alitumwa mbio kumwita. Bonaventura alijibu bila kugeuka. Alipokuja kupanda, mikono ikinuka moshi, mzee alikuwa ameshafunikwa kitenge usoni.

Tangu hapo kulikuwa na ile sauti. Mzee Yona, miguu ilipomwishia nguvu, alikuwa anakaa nyuma ya mashine kwenye kigoda chake, anapasua mbegu za chikichi kwa jiwe ili zipate kukamuliwa mafuta ya mise. Ko. Ko. Ko. Kutwa nzima. Lundo lake lilikuwa bado pale, na jiwe juu yake. Bonaventura hakuthubutu kuligusa. Lakini siku nyingine, jua liko wazi na mashine imesimama, alikuwa anaisikia. Hakumwambia mtu, hata Yusta. Aliogopa, na dawa pekee aliyoijua ilikuwa kuwasha moto mwingine. Pipa likiunguruma, mzee alinyamaza.

Saa sita ikapita. Mvuke ukaanza kupanda, chikichi zikawa zinagongana ndani. Robo saa nyingine, akajiambia, nakamua haraka haraka, naondoka.

Ko.

Akasimama wima na kuni mkononi.

Ko. Ko.

Pipa lilikuwa linaunguruma, na bado sauti ilikuwa pale pale. Akaizunguka mashine polepole, akishika chuma chake kwa mkono asije akaanguka.

Alikuwa Wema. Alikuwa amekaa kwenye kigoda cha babu yake, gauni amelikunjia mapajani, anapasua mbegu moja baada ya nyingine kama mtu aliyeajiriwa. Bonaventura alitegemea moyo ungetulia. Haukutulia.

"Wema, mama, inuka. Utajipiga vidole."

"Nikimaliza lundo hili," mtoto alisema, bila kugeuka.

Bonaventura akachuchumaa mbele yake. Mwaka mzima hakuwahi kumuuliza, na sasa aliona swali linatoka lenyewe.

"Siku ile ulipomrudia babu, ulimwambia nini?"

"Nilimwambia baba amesema akimaliza pipa hili."

"Naye akasema nini?"

Wema akatafuta mbegu nyingine, akaiweka sawa juu ya jiwe.

"Alisema haya, nitamsubiri. Akamwambia mama amgeuze, aangalie mlangoni."

Bonaventura alilia pale pale, kwa sauti, kitu ambacho hakukifanya hata makaburini. Kisha akaenda kwenye pipa, akazivuta kuni zote nje ya moto, akazimwagia maji. Mvuke ukakata. Akamshika Wema mkono, wakapanda barabarani, yeye na nguo zake za kazi.

Simbo walifika saa nane imekwishapita. Katekista alikuwa amesali na kwenda zake. Erasto, mdogo wake, ndiye aliyekuwa ameushika msalaba, jasho linamtiririka, na saruji ilikuwa bado mbichi. Alisogea tu, akampisha.

Bonaventura akaushika. Mikono yake ilikuwa na mafuta, na kwenye rangi nyeupe ya msalaba vikabaki viganja viwili vyekundu. Yusta aliviona, akakunja upande wa kanga aje avifute, halafu akaacha.

Baada ya muda Erasto akagusa saruji kwa kidole. "Imeshakamata, kaka. Achia, twende tukale."

"Tangulieni."

Watu wakatawanyika kuelekea nyumbani, wakageuka geuka kumwangalia. Wema hakwenda nao. Alikaa chini kwenye udongo na gauni lake jeupe.

"Na wewe nenda, mama. Chakula kitapoa."

"Nitakusubiri," Wema alisema.

Akatoa kiganjani mbegu mbili alizokuja nazo kutoka bondeni, akaanza kuzigonganisha taratibu, huku baba yake akiwa bado ameushika msalaba.