Krona Iliyotobolewa

Mtu asiniambie nitulie. Mwezi mzima nimetulia, nimeongea taratibu kama padri, na angalieni nilipofika.

Binti yangu Gracia ana moyo mgonjwa. Akipanda ngazi za shule midomo inageuka rangi. Daktari alisema wazi: upasuaji India kabla mwaka haujaisha. India! Mimi, Floribert, mwalimu wa Bel-Air, nitafika huko na nini?

Tulikuwa na kitu kimoja tu. Babu wa mama yangu, mtu wa reli kule Kabalo, aliachiwa sarafu ya dhahabu na fundi wa meli za mtoni, mzungu wa Denmark. Upande mmoja kuna mfalme, upande wa pili mwanamke ameketi, samaki kando yake. Nikatuma picha kwa mnunuzi mmoja wa Copenhagen. Alipiga simu mwenyewe siku hiyohiyo.

Ni krona ishirini, akasema, za mwaka ambao sarafu zake zimebaki chache sana. Zamani Denmark, Sweden na Norway walipatana: dhahabu ya mmoja inapokelewa kwa mwenzake bila maswali. Ukinunua mkate Stockholm kwa sura ya mfalme wa Denmark, hakuna wa kukukatalia. Vikaja vita vya 1914, benki zikafungia dhahabu yao, na baadaye sarafu nyingi zikayeyushwa. Hii yetu ilipona.

"Italipa hospitali na tiketi," akasema. "Ila msiisafishe, msiikwaruze. Nakuja Jumatatu."

Nikamweleza mama yangu Victorine neno kwa neno. Alilia kidogo. Maisha yake yote, yule mwanamke wa kwenye sarafu kwake ni Bikira Maria. Na samaki? Samaki wa Petro, nani hajui! Lakini akakubali iuzwe.

Jumapili nikawakuta mama na mtoto wametoka misa. Gracia amevaa uzi mwekundu shingoni, na kwenye uzi, Yesu wangu, sarafu inaning'inia. Imetobolewa juu kabisa, kwenye kichwa cha mfalme.

"Mama! Umefanya nini?"

"Usikasirike, mutoto wangu. Nilitaka Bikira amuguse Gracia mara moja mbele ya kwenda na ule muzungu kesho. Na zahabu haikupotea!" Akafungua kikaratasi, ndani unga unang'aa. "Fundi wa zahabu, Chama wa Kamalondo, alitoboa polepole, akakamata unga yote. Kilo iko ileile."

Kilo! Kwake uzito ndio bei. Lakini ningemlaumu vipi? Hapa kwetu shaba inapimwa, kobalti inapimwa, dhahabu inapimwa. Nani katika mji huu amewahi kuona jiwe likishuka bei kwa sababu ya tundu?

Nikatuma picha nyingine. Mnunuzi akapiga simu.

"Pole sana, monsieur," akasema. "Ikishatobolewa, wakusanyaji wa sarafu hawaitaki. Sasa ni dhahabu ya mizani tu." Dhahabu ya mizani haifikishi mtu hata Nairobi. Jumatatu hakuja.

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kuvunja kitu. Mama alikuwa jikoni anaimba, amefurahi, hajajua, na mimi sina mdomo wa kumwambia.

Gracia akanivuta shati. Alikuwa anahema, na ametembea kutoka mlangoni tu.

"Papa, nkambo Victorine anasema nisiitoe mpaka nipone."

Nikaifunga vizuri lile fundo la uzi nyuma ya shingo yake.

"Usiitoe," nikamwambia.