Kiti Kilichogeukia Nyumba

Naandika kwa Kiswahili cha mapadri waliotufundisha kule Kongolo, kwa sababu kile cha mtaani kwetu Katuba hakipendi kukaa kwenye karatasi. Watu nitawaacha waseme wanavyosema. Na asije mtu kunisahihisha. Nimeshazeeka, nina haki ya kukosea.

Televisheni yangu ndogo iliungua siku umeme uliporudi kwa nguvu baada ya kukatika. Ikatoa moshi, ikanyamaza, basi. Binti yangu Cathy, aliyeolewa akahamia Afrika Kusini, aliposikia akanitumia nyingine, kubwa mno, ikabidi waipitishe mlangoni kiubavu. Sebule yangu ni ndogo. Nilipojenga nilikuwa nawaza watoto, sikuwa nawaza televisheni. Sasa kitu kile kimejaa ukuta mmoja, na mimi nimekaa mbele yake, mgongo uko kwenye ukuta wa pili.

«Papa, unaona muzuri?» Cathy aliniuliza kwenye simu.

«Minaona, mama.» Nilikuwa naona mpira. Kuhusu wa kutazama naye hakuuliza, nami sikusema.

Sasa nieleze habari ya diski. Mke wangu Edith, majirani walimwita Mama Cathy, alikuwa na pengo mbele, meno ya juu. Jino lilimtoka angali msichana, na tangu hapo kila akicheka mkono unaruka mdomoni. Picha zote nilizo nazo ni za mwanamke aliyefunga mdomo kama anapigwa picha ya polisi. Mara moja tu alikamatwa. Siku ya ndoa ya Cathy alicheza na beseni la zawadi kichwani, mikono yote miwili imeshika beseni, na wanawake wakamtania mpaka akacheka. Mkono wa kuziba haukuwepo. Mpiga video akamchukua vile vile, na kicheko hicho kipo kwenye DVD ya ndoa, kati ya keki na hotuba.

Edith alikufa mwaka wa corona. Hakufa kwa corona, lakini nani alisikiliza? Mwaka ule vilio vilikatazwa. Kwetu mtu akifa, wanawake wanaingia ndani, wanakaa chini na kuimba na kulia. Wanaume wanatoa viti nje, wanavigeuzia nyumba, na hapo tunalala mpaka mwenye kufiwa azoee kidogo. Edith alitoka chumba cha maiti akaenda moja kwa moja makaburini, na sisi wachache nyuma yake, vitambaa midomoni. Nikarudi nyumbani, nikafungua mlango mwenyewe. Uani hapakuwa na kiti hata kimoja.

Toka hapo, jioni ikinilemea, naweka diski. Kwenye televisheni ndogo alikuwa akija, anacheka, nami naenda kulala. Kwenye hii kubwa, beseni lilipotokea, niliona vipande vya rangi vimepangwa kama vigae sakafuni, na mke wangu amepotelea humo. Niliogopa, sifichi. Maana nilikuwa nimeanza kumsahau. Nikifumba macho napata shavu, napata kitambaa cha kichwa, kicheko sikipati. Diski nayo ikinikatalia, nitabaki na yule mwanamke wa picha ya polisi.

Nikaenda kwa Sudi, anayeuza vyombo vya umeme karibu na soko. Wazee wake walitoka Maniema. Ni mtu wa swala tano, lakini mdomo wake hauna breki.

«Papa Floribert, ugonjwa iko ku machine yako ya DVD, ni ya kizee,» akasema. «Kamata iyi. Iyi inapandisha picha. Picha ya zamani inakuya sawa ya leo.»

«Inaipandisha mpaka wapi?»

«Mpaka inajala kioo yote, kila kitu wazi.»

«Kizuri chajiuza, Sudi. Wewe mbona unakitembeza?»

Akacheka, akaweka diski yake ya dukani. Simba akatokea, na kila unywele wa simba ukahesabika. Nikakodoa macho. Nikasema kimoyomoyo, ikiwa simba anapata haya yote, Edith atakosaje?

«Peleka ku nyumba, ujaribu,» Sudi akasema. «Ukiona haifae, rudisha. Mi na weye hatuko bageni.»

Nikaiunga mwenyewe. Nilivaa shati safi, msinicheke, nikakaa. Na kweli mashine ilifanya kazi. Majina ya maharusi chini ya picha, yaliyokuwa yametafunwa kingo, yakanyooka. Ukingo wa gauni la Cathy ukaacha kutetemeka. Nikaanza kumwombea Sudi baraka. Halafu beseni likaingia, na chini ya beseni mwanamke mwenye uso laini kama mshumaa. Vigae havikuwepo, lakini na mikunjo ya macho haikuwepo. Alifungua mdomo akacheka, na meno yake yalikuwa yamejaa yote. Pengo lilikuwa limezibwa.

Nikarudisha nyuma, nikatazama tena, nikasogea mpaka pua iguse kioo. Mwanamke mzuri, sikatai. Lakini simjui. Niliishi na pengo lile miaka yote ya ndoa, nalipenda kuliko meno mengine, leo mashine inakuja nyumbani kwangu inamtengenezea mke wangu meno bila kuniuliza. Nikachomoa nyaya kwa hasira, nikaifunga mashine kwenye kitambaa, nikashika njia.

«Kamata mushenzi yako,» nikamwambia Sudi.

Akasikiliza yote, pengo na mshumaa, na safari hii hakutania. «Papa, nilikusemea mingi kupita,» akasema. «Ile simba balimupiga na kamera ya nguvu. Bibi yako balimupiga na kamera ya zamani, na siku muzima ya ndoa bakaikaza mu disque moja. Machine haikukuwa pale. Inaona rangi ya huku, inaona rangi ya huku, katikati inawaza yake.»

«Njo kusema inabeya, inadanganya.»

«Inawaza, papa. Kitu kamera haikukamata, hakuna machine ya kukirudisha. Inaweza kupanguza tu.» Akafikiri kidogo. «Unakalaka wapi ukiangalia?»

«Mbele yake. Magoti inakaribia kugusa.»

«Ile picha iko ya kuangalia mbali. Rudisha machine yako ya zamani, na kiti usogeze nyuma.»

«Nyuma iko ukuta, Sudi.»

«Basi mi sijue, papa.»

Nilirudi kwa miguu, nimenuna. Karibu na nyumbani ndipo nikaona kumbe mimi ni mjinga. Nilikuwa mtu wa reli, kazi yangu ilikuwa kusoma taa za mbali. Ukiisogelea taa sana unaona balbu tu, huoni inakuambia nini. Nikaingia, nikaunga mashine yangu ya zamani, nikaweka diski, nikaondoa pazia, nikafungua dirisha linalotazamana na televisheni. Sauti nikaipandisha ili nisikie nikiwa nje. Nikatoa kiti mpaka mwisho wa ua, karibu na kisima, nikakigeuzia nyumba, nikakaa. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mapaa.

Ndani wanawake wakaanza kuimba. Beseni likapita dirishani. Chini yake alikuwa Edith, si vigae, si mshumaa. Akacheka, na pale mbele, juu, nikaliona pengo, doa jeusi dogo mahali pake. Nikasema jina lake. Kisha nikalia, mzee mzima, kwa sauti, na sikujizuia kwa sababu hapakuwa na mtu.

Lango likalia. Alikuwa Mado, jirani wa ukuta kwa ukuta, amefunga kitenge kiunoni, kiti cha plastiki mkononi. Nyuma yake mume wake Franck na kiti chake, na nyuma yao wengine wa barabara yetu, wanaume na viti, wanawake wameshika vichwa. Walikuwa wamesikia wanawake wakiimba ndani, wakachungulia, wakaona mzee yuko nje analia, kiti kimegeukia nyumba. Katuba huulizi zaidi ya hapo. Unachukua kiti.

«Papa Cathy,» Mado akasema, machozi tayari, «nani alikufa?»

Ningeweza kusema hakuna, ni video tu, samahani, rudini. Mdomo ukakataa.

«Mama Cathy,» nikasema.

Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. «Papa, Mama Cathy alikufaka zamani.»

«Ndiyo. Lakini hatukumulilia.»

Ndipo akageuka, akamwona dirishani na beseni lake. Mado alikuwa mmoja wa wale waliomtania siku ile mpaka akacheka. Aliweka kiti chake karibu na changu, akakaa. Franck akaweka chake. Wengine wakatazamana, kisha viti vikashuka kimoja kimoja, vyote vimegeukia nyumba. Wanawake hawakuingia ndani. Walikaa chini ya dirisha, na mmoja akaanza wimbo wa kilio juu ya nyimbo za ndoa, wengine wakapokea. Franck aliingia mara nyingi kurudisha diski nyuma. Kila Edith alipopita, Mado alisema polepole, «Angalia ile pengo yake,» na mimi nikasema naiona.

Giza lilipoingia walianza kuaga. Kila mtu ana nyumba yake na asubuhi yake. Walinyanyua viti, wakanishika mkono mmoja mmoja, wakasema pole, neno ambalo mwaka ule niliambiwa kwa simu tu. Ua ukaanza kuwa mkubwa tena, kama ulivyo siku zote.

Mado alikuwa wa mwisho. Alifika langoni mikono mitupu, na nikamwambia amesahau kiti.

«Sikukisahau,» akasema. «Kilio haimalizikake siku moja, Papa Cathy. Kesho mangaribi nitarudia.»