Mama Si Chanzo

Birika la umeme na kompyuta havikuelewana kwenye soketi ile moja, kwa hiyo kila mtu alipotaka chai ilibidi wenzake wote wahifadhi kazi zao kwanza. Mkutubi alipiga makofi, "Hifadhini!", wakahifadhi, naye akachomoa waya huu akachomeka ule. Ilikuwa Jumamosi, maktaba imefungwa kwa wasomaji, nao walikuwa katika chumba cha chini, ambacho madirisha yake yako usawa wa barabara. Ukikaa humo unawajua wapita njia kwa viatu vyao tu.

Walikuwa wanawake watatu: Mkutubi mwenye funguo, Muuguzi, na Mwalimu wa Hesabu. Walijitolea kuandika makala za kamusi elezo ya mtandaoni kuhusu wanawake waliofundisha na kutafiti masomo ya jinsia. Hata katika somo hilo, wanaume walikuwa wamejaa humo tele na wanawake ni wa kutafuta kwa tochi.

Birika lilipoanza kulia, mlango ukagongwa. Akaingia mama mmoja wa makamo mwenye mkoba wa ngozi, akauliza aweke wapi mzigo. Alikuwa amekufa miaka mingi iliyopita. Makala kuhusu utafiti wake wa sheria za mirathi ilikuwa imeidhinishwa asubuhi hiyo.

"Karibu, Dokta," Mwalimu wa Hesabu akasema, akamsogezea kiti. "Sukari kiasi gani?"

Ndivyo ilivyokuwa. Makala ikipita, mwenyewe huja. Hunywa chai, huuliza nani kahama na nani kaolewa, kisha watu wake hupigiwa simu waje kumchukua. Nyumbani huishi bila makuu. Hali sana, wala hachagui pa kulala. Shida ni makala ikifutwa. Muuguzi aliwahi kukaa na mwalimu wake wa chuo msimu mzima wa mvua, wakipiga soga kila jioni. Siku makala ilipofutwa, yule mwalimu alinyanyuka mezani chakula kikiwa bado mdomoni, akatoka bila kuaga. Muuguzi akafunika sahani, akaenda zamu.

Aliyefuta alikuwa mhariri anayejiita Fagio. Hakuna aliyejua kama ni mwanamume au mwanamke, kijana au mzee. Hakuwa na matusi. Aliandika kwa adabu kila mara: "Salamu. Sioni vyanzo huru. Nafuta. Siku njema."

Mkutubi naye alikuwa na mtu wake wa kumpigania, dada yake mkubwa. Dada alikuwa mhadhiri msaidizi. Ujana wake wote aliumalizia wodini, akikaa na wanawake wanaolala chini ya vitanda kuwauguza jamaa zao. Wanaogesha, wanalisha, wanamwaga mikojo, wanakimbilia dawa, na hawamo katika hesabu yoyote ya hospitali. Dada aliwahesabu. Alionyesha kwamba wanawake wale wakikubaliana kurudi makwao, hospitali haifiki wiki. Kitabu kikatoka, kikasomwa vyuo vyote. Kwenye jalada kulikuwa na jina la Profesa, mkuu wa idara. Dada alishukuriwa katika dibaji, baada ya dereva. Halafu akaugua, akalazwa katika mojawapo ya wodi zile zile, na Mama yao akalala chini ya kitanda chake mpaka alipofariki.

Rasimu ya makala ilipopelekwa mara ya kwanza, viatu vya Dada vilionekana dirishani. Vilikuwa viatu vyeusi vya kamba, kisigino cha kulia kimelika. Vilisimama, vikaenda, vikarudi. Rasimu haiingii ndani, inasubiri nje. Mkutubi akapanda juu ya kiti, akagonga kioo.

"Dada! Vumilia kidogo, inasomwa."

Viatu vikatulia. Jibu la Fagio likaja kabla chai haijapoa: kitabu si chake, dibaji haitoshi, na maelezo mengine yote yametoka kwa mama mzazi. Mama mzazi si chanzo. Viatu vikageuka, vikaondoka taratibu, kama vya mtu aliyekuta ofisi imefungwa.

Nyumbani Mama alikuwa ameshatandika kitanda cha Dada. Mkutubi akamsomea jibu lote, maana Mama hakupenda kufichwa kitu.

"Mimi si chanzo?" Mama akauliza. "Kwani yeye alitoka wapi?"

"Wanataka mtu wa nje, Mama. Asiye ndugu."

"Huyo mtu wa nje alikuwa wapi nilipokuwa namwogesha?"

Mama akakiacha kitanda vile vile, kimetandikwa, akaenda kukaa mlangoni.

Muuguzi akajitosa. Alizunguka hospitali akiwatafuta wauguzi wa zamani, na wanawake waliowahi kulala chini ya vitanda. Walimkumbuka Dada vizuri sana. Mmoja alisema alikuwa anakaa sakafuni nao, hata akiletewa kiti. Muuguzi akarekodi sauti zao, Mwalimu wa Hesabu akaziandika neno kwa neno. Rasimu ikapelekwa tena. Viatu vikaja, safari hii soli ya kushoto ilikuwa imeachia mbele, ikicheka kila hatua. Inaonekana Dada alikuwa akitoka mbali.

"Salamu," Fagio akajibu. "Haya ni mazungumzo, hayakuchapishwa popote. Rasimu ikikataliwa mara nyingine, jina litafungwa. Siku njema."

Jina likifungwa, mwenyewe haji tena. Hilo walilijua wote, hapakuwa na haja ya kulisema. Mwalimu wa Hesabu akainuka akaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Kwa upande wa Mama hali ilikuwa mbaya. Alikuwa amekonda, macho yamemwingia ndani. Hakutaka mlango ufungwe mchana wala usiku, na chakula alikisukuma pembeni. Mkutubi akikohoa chumbani, Mama aliitikia, "Abee, mwanangu, ndiyo unafika?" Kisha akigundua ni yule mdogo, alijitahidi kuficha uso wake. Mkutubi aliuona kila mara.

Ndipo alipokwenda kwa Profesa.

Profesa alimpokea vizuri mno. Alimwita binti yangu, akamwagizia maji, akamwuliza Mama hajambo.

"Hajambo kidogo," Mkutubi akasema. "Profesa, nimekuja kuomba. Andika gazetini kwamba utafiti ule ulikuwa wa Dada. Hata kwa kifupi. Wewe si ndugu, watakukubali."

Profesa akavua miwani, akaifuta. "Dada yako alikuwa hazina. Mchapakazi, mtu wa watu. Lakini haya ya nani alifanya nini, binti yangu, utafiti ni kama shamba. Wengi wanalima."

"Wengi walilima, Profesa?"

"Wengi."

Mkutubi akapiga magoti. Hakuwa amepanga. Zulia lilikuwa gumu, na kutoka pale chini aliona viatu vya Profesa, vipya, vimepigwa rangi.

"Inuka, inuka," Profesa akasema, ameona haya kweli. "Nitaandika. Nakuahidi."

Na akaandika, hakuvunja ahadi. Makala ilitoka gazetini pamoja na picha yake, nzuri, yenye kugusa moyo. Alieleza jinsi alivyopata wazo la kitabu, magumu aliyopitia, na jinsi binti mmoja mwenye bidii, ambaye sasa ni marehemu, alivyomsaidia kukusanya takwimu. Mkutubi aliisoma amesimama palepale alipoinunulia. Kisha, kwa kuwa hakubakiwa na kingine mkononi, aliiweka kwenye rasimu, akaituma.

Viatu vikaja. Vilikuwa vimebaki ngozi ya juu tu.

"Salamu," Fagio akaandika. "Sasa kuna chanzo huru. Hakitoshi kwa makala kamili. Nimemuunganisha na makala ya Profesa, kwa sentensi moja. Atakayetafuta jina lake ataelekezwa huko. Siku njema."

"Kwa hiyo amepita?" Muuguzi akauliza.

"Ameunganishwa," Mwalimu wa Hesabu akasema, akashika kichwa.

Viatu vilikuwa vimeanza kutembea. Mkutubi akapanda ngazi mbio, akamkuta Dada njiani, mzima mzima, na gauni lake la bluu la kufundishia. Dada alimtazama, akamshika mkono, wakaelekea nyumbani. Walipofika kwenye duka la dawa, pale ambapo mtu hukata kushoto kwenda kwa Mama, walikata kushoto, na mbele yao kukawa na geti la Profesa. Wakarudi nyuma. Wakapitia sokoni, geti la Profesa. Wakapita nyuma ya shule, wakaruka mtaro, Mkutubi sasa analia na kumvuta dadake kama mtoto anavyovuta mbuzi. Geti la Profesa. Mke wa Profesa akafungua mwenyewe.

"Tumeshaambiwa," akasema. "Aingie tu. Jua kali hilo."

Walimpa nafasi katika ukumbi mwembamba ulio nje ya chumba cha kusomea, kwenye meza ndogo. Profesa hakuona tatizo lolote. Alikuwa na toleo la pili la kuandaa.

Mama alipelekwa kesho yake, amevaa nguo zake nzuri. Mke wa Profesa, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliwaletea viti. Mama hakukaa. Alimshika Dada mashavu, akamgeuza huku na huku.

"Umekula, mwanangu?"

"Nilisaidia kukusanya takwimu," Dada akasema.

Mama akamtazama Mkutubi.

"Ndiyo sentensi aliyo nayo, Mama," Mkutubi akasema. "Hawakumwandikia nyingine."

Mama akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Sasa akakaa. Akasogeza kiti mpaka magoti yao yakagusana, akashusha sauti, na Mkutubi akasikia jambo ambalo Mama hakuwahi kumwambia mtu.

"Ile siku wodini nilipitiwa na usingizi, pale chini. Kidogo tu. Nilipoamka ulikuwa umeshaondoka. Uliniita, mwanangu? Uliniita nisisikie?"

Mdomo wa Dada ulifunguka. Shingo ilikaza, mishipa ikatokeza, macho yakajaa maji. Alijitahidi sana, kila mtu pale ukumbini aliona.

"Nilisaidia kukusanya takwimu," akasema.

Ndani, Profesa akaita aletewe sura ya nne. Dada akainuka, akachukua makaratasi, akaingia. Mama akabaki na mikono yake mitupu mapajani, akimsubiri atoke ili amwulize tena.