Bawaba na Milango Yake

Koti la bwana harusi lilikuwa limelazwa juu ya meza ya pasi, mkono mmoja umenyooka na mwingine bado una makunyanzi, simu ilipomwambia Bawaba kwamba yeye si Bawaba.

Alifuta kioo kwa pindo la shati, maana mvuke ulikuwa umekitia ukungu, akasoma upya. Maneno yalikuwa palepale: ukurasa wako umefungwa kwa sababu unajifanya mtu mwingine. Na huyo mtu mwingine alitajwa kwa jina. Bawaba.

"Mama Sabuni!" aliita. "Njoo unisomee hiki kitu. Sijui ni macho yangu, sijui simu imelewa."

Mama Sabuni, mfuaji wa duka lile la dobi, alitoka chumba cha pili, mapovu yamempanda hadi kwenye viwiko. Alisoma kwa sauti, taratibu, kama anayesoma maelezo ya dawa.

"Inasema unajifanya wewe."

"Najifanya nani?"

"Wewe. Na wewe nawe, acha kujifanya!" Akarudi kwenye maji yake, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Bawaba hakucheka. Albamu ilikuwa itoke jioni ile ile, na mlango wake wa kutokea ulikuwa ukurasa huo.

Jina la Bawaba alilipata kwenye harusi. Sauti yake ikipanda juu hukwaruza kidogo, kama mlango uliosahauliwa mafuta, na watu hupenda hapo hapo. Inasemekana siku hiyo alipanda mpaka noti ya mwisho, kabati la jikoni likafunguka lenyewe, na nyama yote waliyofichwa wageni ikaonekana. Ukoo wa bibi harusi wanaapa walishuhudia. Ukoo wa bwana harusi mpaka leo hawataki habari hizo. Tangu hapo akawa Bawaba, na mashabiki wake mtandaoni wakajiita Milango.

Mchana alikuwa mpiga pasi. Saa zote nyingine alikuwa mwanamuziki, na hata hizo za mchana pasi ilimwona anavyosogeza midomo. Albamu yenyewe aliirekodi stoo ya dobi, akiwa amesimama katikati ya makoti ya watu yaliyotundikwa, kwa sababu bei ya studio ilikuwa haishikiki na makoti humeza mwangwi kuliko ukuta wowote. Aliiita "Makunyanzi". Wimbo wa mwisho ulikuwa wa mama yake, aliyezikwa kabla ya kuusikia.

Sasa, kurasa zilikuwa mbili. Mmoja ulikuwa wa Bawaba mwenyewe, mdogo, mkavu, maana alichukia kuandika. Mtu akimwandikia "Nakupenda sana, nyimbo zako zilinivusha nikiwa na msiba," yeye alijibu "Sawa." Wa pili ulikuwa na picha yake hiyo hiyo, ameinua mkono, lakini haukuwa wake. Huko Bawaba aliamka na salamu. Alikumbuka mtoto wa nani ana mtihani na mume wa nani amepunguzwa kazini. Huko ndiko watu walikofurika.

Bawaba alijua siku nyingi kwamba ukurasa ule upo. Aliunyamazia. Nani atafukuza umati unaoimba jina lake? Lakini albamu ilipokaribia, akaona umati utangojea kwenye nyumba isiyo yake. Ndipo jana yake akaandika kwa herufi kubwa: JIHADHARINI. UKURASA WA BAWABA NI MMOJA TU. MWINGINE WOWOTE NI WA TAPELI. URIPOTINI.

Alisahau kitu kimoja tu: kusema upi.

Na Milango ni watu watiifu. Mmoja wao aliubeba ujumbe ule akaupeleka kwenye ukurasa mkubwa, wote wakaghadhibika kwa niaba ya Bawaba wao, wakatoka kumsaka tapeli. Wakaukuta ukurasa mmoja mdogo, hauna salamu, hauna pole, unajibu watu "Sawa". Wakaushukia wote kwa pamoja.

Palikuwa na sehemu ya kukata rufaa. Alibonyeza. Simu ikamtaka aonyeshe uso wake, ageuke kushoto, ageuke kulia, apepese macho. Akageuka kwenye ule mvuke kama mtu anayetafuta inzi. Kisha ikataka kitambulisho. Picha ya kitambulisho ilipigwa zamani, enzi za mashavu. Uso haulingani, ilisema simu. Akageuka tena. Bando likaisha akiwa ametazama kulia. Na bando lenyewe lilikuwa limepanda bei tena, halafu limepunguzwa ujazo, likapewa jina jipya la kuchangamsha.

Kabla ya kukatika, simu ilikuwa imetoa shauri: leta barua ya taasisi inayotambulika.

"Bosi, naomba nifike chama cha wasanii mara moja."

Bosi, mwanamama mwenye miwani iliyofungwa uzi, hakuinua kichwa. "Mwenye koti anakuja alasiri. Usipokuwepo utalivaa wewe, ukaoe badala yake."

Alikwenda mbio.

Ofisi ya chama ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la matairi, na harufu ya mpira ilipanda ngazi pamoja naye. Karani alikuwa ameegemea mto aliouweka mgongoni, masikioni amechomeka visikilizio, kichwa kinacheza. Bawaba alisimama akasikia kwa mbali kinachochezwa. Ilikuwa sauti yake.

"Huyo ni mimi," alisema.

Karani alitoa kisikilizio kimoja. "Unasemaje?"

"Huyo unayemsikiliza. Ni mimi. Nahitaji barua ya kusema hivyo."

Karani alimtazama kuanzia viatu. "Bawaba?"

"Ndiyo."

"Nionyeshe ukurasa wako."

"Umefungwa. Ndiyo maana nataka barua."

"Basi lete barua ya waliokufungia."

"Hao hawana ofisi, kaka. Ni simu tu."

"Sisi tuna ofisi," karani alisema kwa fahari, akijipigapiga kwenye mto. "Na ofisi haiandiki hewa. Haya, kama wewe ni Bawaba, leo asubuhi uliniandikia nini?"

"Mimi?"

"Uliniandikia. Mimi ni Mlango wa siku nyingi. Uliniandikia nini?"

Bawaba alikuna kidevu. Alitamani kukumbuka kitu ambacho hakukifanya. "Salamu?"

"Uliniuliza habari za mgongo wangu! Na ukanishauri niweke mto." Karani alichomoa mto akauonyesha, kama hakimu anayeonyesha kisu cha muuaji. "Wewe hata mgongo wangu huujui."

"Ningeujulia wapi mgongo wako, kaka, na ndiyo kwanza tunaonana?"

"Umeona? Haya, swali la mwisho, nikusaidie. Mama yako mguu wake unaendeleaje?"

Chini, dukani, mtu alikuwa akijaza tairi upepo.

"Mama yangu amefariki," alisema. "Mwaka jana."

Karani alisimama, mgongo na maumivu yake yote. "Toka! Mama yake Bawaba yuko hai, anaumwa mguu tu, watu tunamwombea kila siku. Utapeli gani huu, mpaka unawaulia watu mama zao?"

Alishuka ngazi akijishika kifuani, kwenye mfuko wenye kitambulisho, kuhakikisha kama kipo. Njiani alijitazama kwenye kioo cha duka la miwani. Aliyemwona alifanana naye, lakini kwa jinsi siku ilivyokwenda hakutaka kuapa.

Dobini Mama Sabuni alimpa simu yake kabla hajaketi. "Imeingia kwangu, kwenye rufaa uliwapa namba yangu." Tumepitia rufaa yako, ilisomeka. Imethibitika kwamba wewe si Bawaba. Uamuzi huu ni wa mwisho. Chini yake palikuwa na nyota tano, na ombi kwamba aseme ameridhika na huduma kwa kiasi gani.

"Usibonyeze kitu kwa hasira, simu ni yangu," alisema Mama Sabuni. "Sikia. Hao wakubwa hawakujui. Mwandikie huyo mwenzio aliyekushinda kuwa wewe."

Akaandika kwenye ukurasa mkubwa, kwa jina la Mama Sabuni: Wewe ni nani?

Jibu lilikuja pasi haijapata moto. Karibu sana mpenzi. Mimi ni Bawaba wako. Umeamkaje?

Mimi ndiye Bawaba, aliandika.

Pole ndugu yangu. Wengi huniambia hivyo, hasa wakiwa na mawazo. Umekula?

"Anauliza kama nimekula," alisema Bawaba, hajui acheke au alie.

"Umekula?" aliuliza Mama Sabuni.

"Bado."

"Basi ana haki ya kuuliza."

Bawaba aliandika tena, kwa kidole kimoja: Mimi ndiye ninayeimba. Niulize chochote cha mwimbaji.

Safari hii jibu lilichelewa. Koti la bwana harusi likamalizwa mkono wa pili, likatundikwa. Kisha: Palikuwa na harusi, umeme ukakatika. Bawaba aliendelea kuimba gizani, amekaa. Watu wote wanajua alikalia kiti. Alikalia nini?

Bawaba alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kreti la soda, aliandika. Likapasuka wimbo ukiwa katikati. Nikamalizia niko chini, suruali imechanika. Aliniona mtu mmoja tu, alikuwa na tochi. Akaizima.

Simu ikalia. Sauti ya mwanamke, laini, yenye mpangilio, kama inayotangaza zamu ya wagonjwa: "Mwenye tochi ni mimi."

Alifika saa za kufunga dobi. Mama wa makamo, sketi imepigwa pasi vizuri kiasi kwamba Bawaba alimheshimu kabla ya salamu. Alikuwa mpokea simu wa hospitali, alisema, kazi ya ujana wake wote. Halafu ikaletwa mashine ya kusema bonyeza moja, bonyeza mbili, yeye akaambiwa asante.

"Nikawa nakaa nyumbani, hakuna wa kupigiwa. Siku moja nikakuandikia wewe. Nilikueleza mambo mengi, mwanangu. Ukanijibu 'Sawa'."

Bawaba aliangalia sakafu.

"Sikukasirika. Ila nikaona wengine nao wanauliza, na wewe kimya. Mimi siwezi kuona simu inaita haipokewi. Nikafungua ukurasa, nikaanza kuwapokelea." Akanyoosha simu yake kwa mikono miwili. "Chukua. Ni yako. Nisamehe."

Milango walikuwa tayari wamejaa ukurasani, wanasukumana, wanahesabu dakika. Bawaba aliishika simu, akakohoa kana kwamba watamsikia, akaandika: Habari. Albamu iko tayari. Sikilizeni.

Kisha mmoja akauliza: Bawaba, uko salama? Wa pili: Mbona hujatusalimia? Wa tatu: Huyu si yeye. Bawaba aliandika haraka: Ni mimi. Ikawa mbaya zaidi. Ametekwa! waliandika. Ni yule tapeli wa jana, karudi na huku! Milango, ripotini!

"Watafunga na huu!" Mama Sabuni alipiga kelele. "Mpe! Mpe mwenyewe!"

"Mwenyewe ni mimi!"

"Leo si wewe! Mpe!"

Alimpa. Yule mama alivaa miwani, akakaa wima kwenye kigoda kama yuko mezani pake hospitalini, vidole vikakimbia. Wapenzi wangu, nisameheni, ilikuwa njaa na wasiwasi wa siku kubwa. Mwenye mgongo, mto unasaidia? Mwenye mtihani, tumefaulu au tumejaribu? Nimewaletea "Makunyanzi". Kaeni karibu nami.

Walitulia. Walimiminika na mioyo na vilio vya furaha. Ndiye! Huyu sasa ndiye!

Albamu ikatoka. Pale dobini, kati ya makoti, Bawaba alisimama nyuma ya kigoda akisoma begani mwa mtu mwingine jinsi watu wanavyompenda. Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili, wa tatu. Kila sifa ilipoingia alifungua mdomo kusema asante, na kila alipoufungua asante ilikuwa imeshaandikwa, nzuri kuliko ambayo angeiandika yeye.

Ukafika wimbo wa mwisho. Hapo vidole vya yule mama vikasimama.

"Vipi?" aliuliza Bawaba.

Yule mama aligeuza kioo amwonyeshe. Palikuwa na swali la karani wa chama cha wasanii, na chini yake wengine wengi wameliunga mkono: Wimbo huu umenitoa machozi. Mama anaendeleaje na mguu?

"Waliniuliza zamani kama una mama," yule mama alisema kwa sauti ndogo. "Nikasema yupo, anaumwa mguu. Ni mguu wangu niliusema. Hawakuacha kumwombea. Sikujua, mwanangu. Leo ndiyo nimesikia kwa huyu Mama Sabuni. Nikanushe?"

Mama Sabuni alifunga bomba la maji. Bawaba alivuta pasi karibu, akaiweka juu ya kipande cha khanga ya zamani alichotumia kufunikia vitambaa vyepesi, akakinyoosha mpaka pembeni ingawa hakikuwa na kunyanzi hata moja.

"Nakanusha mangapi leo," alisema.

Simu ilikuwa ikingoja.

"Waambie hajambo," alisema. "Waambie ameusikiliza wote, mpaka mwisho. Anasema sauti inakwaruza."

Yule mama akaandika.

"Na mguu?"

Bawaba aliinua pasi, mvuke ukamficha uso.

"Umepona. Andika umepona kabisa."